Kanga Alivyonyonyolewa Shingo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyika, nyika ikapata mto, mto ukapata njia moja tu ya kuteremkia maji. Sogeeni, watoto. Na nyinyi wakubwa mliokaa huko nyuma, msijifanye mnaongea mambo yenu. Hii ni yenu pia.

Hapo zamani za kale, Kanga alikuwa na manyoya mpaka kichwani. Hivi mnavyomwona leo sivyo alivyokuwa. Shingo yake ilifunikwa manyoya laini, meusi, yenye madoa meupe madogo madogo, kama punje za mtama zilizomwagika juu ya jamvi jeusi. Utosini alikuwa na kishungi. Akitembea, kishungi kinatikisika, tiki, tiki, tiki.

Jirani yake alikuwa Kwale. Hao wawili walianguliwa msimu mmoja, wakakua pamoja, wakachakura pamoja, wakalea vifaranga vyao bega kwa bega. Kanga akipata kichuguu chenye mchwa, hali mpaka amwite Kwale. Kwale akiota jambo usiku, asubuhi wa kwanza kuhadithiwa ni Kanga.

Kwale alikuwa rangi ya nyasi kavu. Akiinama chini, hata watoto wake humtafuta. Naye alimpenda Kanga, wallahi alimpenda. Ila walipopita njiani pamoja, wanyama walimwamkia Kanga kwanza. Kwale akaliona hilo. Akalimeza. Likashuka, likakaa, halikusagika.

Basi na Mbweha alikuwapo katika nchi hiyo. Mbweha alikuwa mtu wa heshima zake. Sauti ya upole, mwendo wa taratibu, na penye msiba hakosekani. Kuku mmoja mkongwe aliwahi kusema kwamba yule si mtu mzuri. Akaambiwa ana chuki.

Asubuhi moja Kwale alivuka mto, akawa ng'ambo anatafuta mbegu. Akainua macho. Upande wa pili, kando ya njia, akamwona Mbweha. Mbweha amelala kifudifudi kwenye nyasi ndefu, kidevu kiko chini, macho ameyafumba kama anayesinzia. Masikio tu ndiyo yamesimama. Anasikiliza nyayo.

Nyayo zikaja. Chaka, chaka, chaka.

Mbweha hakuchungulia. Hakutazama anakuja nani, mweusi au mweupe, mwenye madoa au asiye nayo. Aliruka, gubu! Akamdaka bawa, akamburura nyasini. Hapo ndipo Kwale alipotambua kwamba ni Kanga. Akafungua mdomo apige kelele, kelele isitoke. Kanga alipigana peke yake, akapiga mateke, akajichomoa, akakimbia akiburuta bawa na damu inamtoka.

Kesho yake baraza likaitishwa. Mwenye baraza alikuwa Kongoni, yule wa uso mrefu. Wanyama wakaja wote. Mbweha akapewa kigoda akae. Kanga akaambiwa asimame katikati, bawa lake linaning'inia.

Mngedhani Kongoni angeanza na Mbweha. Hakuanza naye. Alimuuliza Kanga alikuwa anakwenda wapi. Kanga akajibu alikwenda kuteka maji. Akaulizwa kwa nini peke yake. Akajibu watoto walikuwa na kiu. Akaulizwa alivaa nini.

Kanga akajitazama. Akasema alivaa haya haya, manyoya aliyopewa na mamake, na mamake alipewa na bibi yake.

Wanyama wakanong'ona. Ngiri akasema hata yeye madoa hayo yaliwahi kumkosesha usingizi. Mama Sungura akasema mwenye heshima zake hatikisi kishungi njiani. Kisha Mbweha akaomba kusema, akasema kwa upole, akiangalia chini.

"Jamani, mimi ni kiumbe mwenye macho. Madoa yalinimulika. Ningefanyaje?"

Wakamhurumia. Naam, wakamhurumia.

Ndipo Kongoni akamgeukia Kwale. "Bi Kwale, wewe ulikuwa ng'ambo. Hebu tuambie. Madoa yalionekana kutoka ulipokuwa?"

Kwale akasimama. Akamwona Kanga anamtazama, jicho halipepesi. Akamwona Mbweha naye anamtazama, anatabasamu kidogo. Akawakumbuka watoto wake, wanaopita njia ile ile kila siku. Na lile alilolimeza zamani likapanda likafika kooni.

"Yalionekana," akasema.

Akakaa. Lilikuwa neno la kweli. Madoa yalionekana, nani angebisha? Lakini hakuulizwa kama Mbweha aliyaona, naye hakujisumbua kusema.

Kongoni akakata shauri. Kanga anyonyolewe kichwa na shingo, apate kujifunza, na wengine wajifunze kwake. Tena wanyonyoe wenzake wa kike, ili isisemwe kwamba wanaume wamemwonea. Na aanze yule wa karibu naye.

Wakamsukuma Kwale mbele. Kanga hakukimbia. Aliinamisha kichwa. Kwale akashika unyoya wa kwanza, pale nyuma ya sikio, akavuta. Nyo! Kanga akatetemeka lakini hakulia. Wakaja wengine. Nyo, nyo, nyo! Kishungi kikang'oka. Shingo ikabaki ngozi tupu, ya buluu kwa baridi na uchungu. Upepo ukabeba manyoya, watoto wakayakimbiza wakicheka.

Jioni ile Kanga akakusanya vifaranga vyake, akahamia ng'ambo ya kilima. Hakuaga.

Tangu hapo majike wote wa nchi ile wakawa wanajigaragaza vumbini kabla ya kwenda majini. Wakatunga na wimbo, wanawaimbia mabinti zao:

*Vaa vumbi, mwanangu, vaa vumbi,*
*vumbi halina jicho,*
*inama, mwanangu, inama,*
*Mbweha hatakuona.*

Kwale aliimba kuliko wote. Alikuwa na binti, jina lake Kinyasi. Kinyasi hakuhitaji hata vumbi, alikuwa vumbi tangu kuzaliwa. Mwendo wa polepole, kichwa chini, sauti hata jirani haijui. Watu wakimsifu Kwale kwa malezi. Siku hizo alikuwa anaamkiwa wa kwanza. Ila kila akifika penye kichuguu, chakula kilimshinda.

Mvua zikanyesha, zikakatika. Mchana mmoja Kinyasi alikwenda mtoni. Amejipaka vumbi, ameinama. Chaka, chaka, chaka.

Gubu!

Yeye hakujichomoa. Kwale aliletewa bawa moja, rangi ya nyasi kavu.

Baraza likaitishwa tena. Kongoni akakaa pale pale. Mbweha akaletewa kigoda chake. Na Kwale akasimamishwa katikati.

Kongoni akakohoa, akauliza binti alivaa nini.

"Vumbi," Kwale akajibu.

Mtasema hapo waliona haya. Walitafuta la kusema, wakalipata. Ngiri akasema aliyejificha sana huwatia wawindaji hamu ya kumfichua. Mama Sungura akasema kuinama kule kulizidi, kulikuwa kama kumwita mtu. Mbweha akainua mikono, akasema yeye ni kiumbe mwenye macho.

Kwale akamtazama. Akasema, na sauti iliyogoma siku ile ng'ambo ya mto sasa ikatoka:

"Ulikuwa umeyafumba. Kwa Kanga uliyafumba, na kwa mwanangu hapakuwa na doa la kuona. Nilikuona. Uliruka kabla hujaona."

Kongoni akamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

Swali hilo likawatosha wote. Baraza likavunjika. Mbweha akachukua kigoda chake akaenda kwake, na hakuna aliyemgusa.

Kwale akachukua njia ya kilimani. Alimkuta Kanga na watoto wake wanachakura. Kanga akainua kichwa. Bawa lilikuwa limepona. Shingo ilikuwa vile vile, ngozi tupu.

"Kanga, niliona siku ile. Aliruka kabla hajakuona."

"Nilijua uliona," Kanga akasema. "Nilikutazama pale barazani, nikakungoja useme."

Kwale akapiga magoti, akamwomba msamaha. Kanga akasema amemsamehe, maana ameshasikia habari za Kinyasi, na mzigo wa mtu mwenye msiba hauongezwi.

"Na manyoya?" Kwale akauliza. "Yataota?"

"Nilingoja masika, nikangoja vuli. Hayaoti, dada. Ingia ndani. Tumlilie mtoto."

Wakaingia, wakamlilia.

Ndiyo maana mpaka leo Kanga ana madoa mwili mzima, lakini kichwa na shingo ni upara. Kina Kanga hawatembei mmoja mmoja tena. Na wakimwona Mbweha hawajifichi, hawajipaki vumbi. Wanamtangaza yeye, kekeke, kekeke, mpaka nyika nzima ijue alipo.

Naye Kwale mnamsikia alfajiri nyasini, hammwoni, mnasikia sauti tu. Wengine husema anaita mvua. Bibi yangu alisema anasema, "Niliona! Niliona!" Analisema kila siku, na kila siku limechelewa.

Wanangu, nguo haijapata kumuuma mtu. Mwenye meno ndiye wa kuulizwa, si mwenye jeraha. Na ukiona, sema siku ile ile, maana msamaha unapatikana, lakini unyoya uliong'olewa haurudi.

Hadithi yangu imeishia hapo, shingoni pa Kanga. Anayetaka kuipeleka mbele, aanze kwa kwenda kumwangalia.