Kiumbe wa Arobaini

Hii nimeletewa asubuhi na mtu ambaye kwa kawaida hunitumia picha za maua tu. Nikaisoma nimesimama jikoni mpaka maziwa yakafurika. Kama unamjua mtu anayesema Kiswahili hakitoshi, mpelekee huyo kwanza.

Kulikuwa na kampuni moja ya ng'ambo iliyotengeneza michezo ya video. Mchezo wao mpya ulikuwa na viumbe arobaini ambao hawajaonekana popote duniani. Kuna wenye mabawa, kuna wenye magamba, na wengine hata huwezi kusema kichwa kiko upande gani. Kila kiumbe ilibidi apewe jina katika kila lugha ambayo mchezo ungetoka. Lugha zilikuwa kumi na moja, na Kiswahili hakikuwemo.

Katika kampuni hiyo alifanya kazi binti mmoja wa Iringa, aitwaye Twilumba. Siku moja alisimama kikaoni akaomba Kiswahili nacho kiingizwe. Wenzake wakatabasamu. Mmoja akamuuliza kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi, kama lugha hiyo ina maneno ya kuwatosha viumbe wote hao.

"Inayo," Twilumba akajibu.

Mkuu wa kampuni akafikiri kidogo. "Basi niletee majina arobaini ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo. Likikosekana hata moja, tunatoka na lugha kumi na moja, na jambo hili lisirudi tena mezani."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Twilumba akamtafuta mwalimu wake wa zamani wa Kiswahili, Mwalimu Mwantumu wa Tanga, mama mstaafu aliyefundisha miaka thelathini na miwili bila kushika fimbo, maana ulimi wake ulitosha. Akamtumia jedwali lenye majina arobaini ya Kiingereza, na mbele ya kila jina nafasi tupu ya kujaza. Kisha akampigia simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Jedwali limefika?"

"Marahaba, mwanangu. Limefika. Wenyewe wako wapi?"

"Wenyewe nani?"

"Hao viumbe."

"Wako ndani ya mchezo, Mwalimu, lakini hakuna haja ya kuwaona. Lugha nyingine zote zimetafsiri jedwali hilo hilo. Siku mbili tu wakamaliza."

"Aliyempa kipepeo jina alimwona akipepea," Mwalimu akasema. "Aliyempa kigong'ota jina alimsikia akigonga mti. Mimi nani hata nimpe jina nisiyemjua? Niletee mchezo."

Twilumba akautuma, roho ikiwa juu juu. Na Mwalimu Mwantumu, mwenye miaka sitini na mitatu, ambaye maishani mwake alikuwa amecheza karata na bao tu, akaketi mbele ya kompyuta na kuanza kujifunza kukimbia, kuruka na kujificha.

Siku ya kwanza aliuawa mara thelathini na moja, na mara sita kati ya hizo aliuawa na kiumbe mwenye ukubwa wa kuku. Hakununa. Alifungua daftari kubwa akampa kila kiumbe ukurasa wake. Akaandika anakula nini, anamwogopa nani, akikasirishwa anafanya nini, na akiachwa peke yake anafanya nini.

Yule mwenye ukubwa wa kuku alipata jina siku ya pili, baada ya Mwalimu kugundua kwamba hamgusi mtu ila akitazamwa usoni. Akaitwa Sitazamwi. Yule wa mapangoni, anayefyonza mwanga wa taa ya mchezaji mpaka gizani huoni mkono wako, akaitwa Mnywataa. Yule anayehama na kiota chake na wanawe wote mgongoni akaitwa Mbebakwao.

Majirani zake wa mtaa wa Ngamiani, Tanga, walisikia vishindo na ngurumo dirishani kwake wakaanza kunong'ona kwamba mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Wao hawakujua kwamba tangu astaafu hakuwahi kuamka na hamu ya kazi namna ile.

Alhamisi Twilumba akapiga simu.

"Mwalimu, ni kesho. Tumefika wapi?"

"Thelathini na tisa wana majina."

"Na wa arobaini?"

"Huyo hana."

Twilumba akatazama jedwali. Kiumbe wa arobaini alikuwa jitu la mawe linalosimama kando ya korongo, na jina lake la Kiingereza lilimaanisha Mvunja Milima.

"Mwalimu, huyu ni rahisi kuliko wote. Andika Mvunja Milima, tumemaliza."

"Havunji."

"Vipi?"

"Nimekaa naye siku nne. Nimemzunguka, nimemrushia mawe, nimelala miguuni pake. Hajavunja mlima, hajavunja hata kokoto. Yeye anasimama tu. Nikimwita hivyo nitakuwa namsingizia."

"Lugha kumi na moja zimemwita hivyo."

"Basi kumi na moja zimesema zisichokijua. Sitaki yangu iwe ya kumi na mbili."

Twilumba akalifunga jedwali. Aliposema tena, machozi yalikuwa karibu. "Nafasi ikibaki tupu, watasema Kiswahili kimeishiwa maneno. Watasema walijua tangu mwanzo. Na mimi ndiye niliyesimama mbele yao, Mwalimu."

Mwalimu naye moyo ulimuuma, wala hakuficha. "Naogopa kama wewe, mwanangu. Miaka yote nimewaambia mtu asiionee haya lugha yake, na sasa huenda mimi ndiye nitakayeifungia mlango. Lakini nilikufundisha uandike ulichokijua. Nafasi hiyo sitaiacha tupu. Nitaandika ninachokijua."

Ijumaa kikao kikakaa. Majina ya Kiswahili yakaonyeshwa ukutani, moja baada ya jingine, na Twilumba akieleza kila moja limetoka wapi. Jina Sitazamwi likawachekesha. Kwa Mnywataa mtu mmoja akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kisha wakafika mwisho, na mahali pa jina palikuwa na sentensi tatu.

Yule aliyeuliza kwa upole siku ile akasema, kwa upole ule ule, "Naona maneno yameisha."

Twilumba angeweza kuomba radhi. Angeweza pia kuandika Mvunja Milima pale pale na hakuna ambaye angejua. Badala yake alinyoosha mgongo akasoma kwa sauti, akitafsiri neno kwa neno: "Kiumbe huyu hafanyi lolote. Nimemngoja siku nne. Akianza kufanya, niiteni."

Wachache wakacheka. Mtu mmoja tu hakucheka, fundi mzee aliyekaa mwisho wa meza, aliyemtengeneza kiumbe huyo kwa mwaka mzima. Alikuwa ameacha kuandika.

"Hafanyi lolote?" akauliza. "Siku nne?"

Akafungua kompyuta yake, akauwasha mchezo ukutani, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye korongo. Jitu lilikuwa limesimama. Akalingoja. Watu wote wakalingoja pamoja naye. Halikutikisika.

Fundi akachungulia ndani ya programu, na baada ya muda akavua miwani. Matendo yote ya jitu yalikuwemo ila hayakuwa yameunganishwa nalo, tangu miezi mingi iliyopita. Waliopewa kazi ya kuujaribu mchezo walikuwa wakipita mbio wakidhani ni pambo. Wafasiri wa lugha kumi na moja walisoma jedwali.

"Tungetoka na maiti," fundi akasema polepole. "Maiti mwenye majina kumi na moja."

Yule mwenye upole akawa anatazama kalamu yake.

Fundi alifanya kazi siku tatu. Alipomaliza, mkuu wa kampuni alitaka kuutuma mchezo kwa wafasiri wote ili walitazame upya jina hilo, lakini fundi akakataa. "Kwanza apelekewe yule mama wa Tanga. Wengine wangoje."

Mwalimu Mwantumu akarudi kwenye korongo, akakaa na jitu siku mbili, ukurasa wa arobaini ukiwa wazi mapajani. Safari hii lilitembea. Liliubomoa mlima kweli, lakini halikumrushia mtu hata jiwe moja. Lilibeba mawe hayo moja moja likayajaza korongoni, kisha likapiga magoti kando mpaka viumbe wadogo wote wakapita ng'ambo. Lenyewe lilipita mwisho.

Akampigia Twilumba. "Mwandike. Anaitwa Mvusha."

Jina likapelekwa kikaoni. Fundi aliposikia maana yake akasema kwamba hilo ndilo alilotaka kusema mwaka mzima, akalikosa hata katika lugha ya mama yake. Mkuu wa kampuni akaagiza Mvunja Milima lifutwe kila mahali. Na lugha zote kumi na moja, zile zilizomaliza kwa siku mbili, zikaletewa jedwali jipya la kutafsiri. Safari hii jina la kwanza kwenye mstari, lile ambalo wengine wote waliangalizia, lilikuwa la Kiswahili.

Funzo: Lugha haivunjiwi heshima na msemaji anayesema "bado sijajua," bali na yule anayekubali kutaja asichokiona. Tazama kwanza, ndipo uite. Waliokutangulia kwa haraka watarudi kukuuliza.