Moyo wa Gari la Bi. Sikudhani

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mikuki na ngao, ni zamani ya juzijuzi tu, ya bisibisi na petroli, palikuwa na mwanamke mwenye gereji chini ya milima ya Usambara. Jina lake Sikudhani. Alikuwa na gari la mashindano alilolitengeneza mwenyewe kwa mabomba membamba na mabati ya alumini. Viti viwili, paa hakuna, jepesi hata watu wanne waliweza kulinyanyua na kulihamisha kama kitanda.

Kila mwaka, mahindi yakishavunwa, magari yalishindana kupanda barabara ya mlimani, kona juu ya kona, kutoka mjini hadi sokoni kileleni. Kila mwaka Bi. Sikudhani alifika wa mwisho. Wauza maharage wa kule juu walikuwa hawafungi biashara mpaka apite wamcheke.

Kosa halikuwa la gari, lilikuwa la injini, na mwaka huo injini ikafa kabisa. Magoti ya Bi. Sikudhani nayo yalishaanza kuikataa klachi. Alijua mashindano yanayokuja ndiyo yake ya mwisho. Mtoto hakuwa naye, alikuwa na gari tu, na ilimuuma kuliacha duniani likiwa kichekesho. Basi akasema mbele ya watu, na huyu mama akisema amesema: "Atakayelipatia gari hili moyo, mwakani usukani ni wake."

Wa kwanza kuitika alikuwa Kilua, utingo wa malori tangu ujana wake. Alikuwa amepanda milima yote ya nchi akiwa amekaa kushoto, usukani hajawahi kuachiwa hata wa kurudisha lori nyuma. Kilua akaleta injini kubwa ya silinda sita. Iliponguruma, mbuzi wakakimbia. Lakini pua ya gari ikalemewa, na kwenye kona ya kwanza gari likanyoosha moja kwa moja hadi katikati ya shamba la mtu. Bi. Sikudhani akashuka, akavua glavu, akasema, "Huu si moyo wake."

Kilua akaleta injini ya pikipiki. Nyepesi, kelele tele. Kwenye tambarare gari likaruka. Kwenye mwinuko likaanza kurudi nyuma, taratibu, kwa adabu. Bi. Sikudhani akashuka, akavua glavu, akasema, "Huu si moyo wake."

Kilua akaenda kukaa kando ya barabara, kichwa kikimuuma. Ndipo akaona malori yamesimama mlimani yakipoza rejeta, na kirikuu kimoja, kigari kidogo cha mizigo, kikiyapita kimejaa kabichi hadi juu. Hakikuonyesha hata kuchoka. Dereva wake alikuwa Mwanahawa, mchuuzi mwenye ulimi ambao soko zima liliuogopa. Kilua akamfuata, akamwomba injini.

"Injini yangu?" akasema Mwanahawa. "Na kabichi zangu zipande kwa miguu?"

"Ndiyo," akasema Kilua.

Mwanahawa akacheka sana. Miaka mingi alikuwa akilikodolea macho lile gari jepesi bila kumwambia mtu. "Haya, ing'oe," akasema. "Lakini ahadi ya Sikudhani hata mimi nimeisikia." Tangu siku hiyo kabichi zake zikapanda kwa mkokoteni, naye akisukuma.

Wakaipima injini kwenye mizani ya viazi: nyepesi kuliko walivyotumaini. Tatizo ni nguvu. Hapo akaingia Hoza, kijana wa mashine ya kukereza vyuma, mwenye maringo na mikono ya kumruhusu aringe. Akapanua silinda. Akakata uzito wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Akasugua njia za hewa mpaka zikang'aa. Injini ikatoka na nguvu maradufu, ila sasa isingeweza tena kurudi kwenye kirikuu.

Wakaijaribu mlimani. Chini iliimba. Katikati ya mlima ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Bi. Sikudhani akashuka, akavua glavu, na safari hii akazivaa tena. Hoza akajishika kichwa. Alikuwa ameipima petroli gerejini, kwenye hewa nzito ya chini, akausahau mlima aliouona kila siku ya maisha yake. Kule juu hewa ni nyepesi, petroli ileile inazidi, injini inazama. Wakaipima upya kileleni. Ikaenda vizuri kileleni, lakini walipoanzia chini petroli haikutosha, ikachemka, pistoni ikaungua.

"Tutafute injini nyingine," akasema Hoza. Alikuwa karibu kulia.

Kilua akaenda akaikalia injini, matako yake yote. "Nimetafuta vya kutosha. Ni hii. Anayeitoa aanze na mimi."

Hoza akaingia ndani kwa hasira. Akatoka na koki ndogo, akaifunga kwenye kabureta, akavuta waya wa breki za baiskeli kutoka kwenye koki hadi kiti cha kushoto. Mtu akae pale, apunguze petroli kidogo kidogo gari linavyopanda. Akivuta mapema, pistoni inaungua. Akichelewa, injini inazama.

Kilua akakaa, akachelewa. Hoza akakaa, akawahi, pistoni nyingine ikaenda na maji. Mwanahawa akaweka mkokoteni wake kando.

"Nipisheni," akasema. "Nimepanda nayo miaka, najua inavyoomba."

Siku ya mashindano Mwanahawa alikaa kushoto, macho ameyafumba, waya mkononi. Bi. Sikudhani akakanyaga mafuta. Kona ya kwanza, injini ikaimba. Katikati ya mlima, ikaimba. Alipokata kona ya mwisho, mbele yake hapakuwa na gari hata moja, kulikuwa na wauza maharage tu wamesimama midomo wazi, wamesahau kucheka.

Bi. Sikudhani akashuka polepole, akavua glavu kwa mara ya mwisho. "Huu ndio moyo wake," akasema, na akalia mbele za watu wala hakuona haya.

Kisha akatoa ufunguo. Watatu wakasogea.

Kilua akasema, "Dada Siku, mimi ndiye niliyeichagua. Wote walikipita kirikuu wakaona kabichi, mimi nikaona injini. Mlipotaka kuitupa, niliikalia. Bila mimi mngekuwa bado shambani kwa watu."

Hoza akasema, "Mama, alichochagua kilikuwa cha kubebea kabichi. Mimi ndiye niliyekigeuza kikawa hiki. Nilikosea, kweli, na kosa langu nikalitengeneza mwenyewe. Bila mimi mngefika, lakini kesho yake."

Mwanahawa akasema, "Sikudhani mwenzangu, hawa walitoa jasho, nami nimelitoa pia, kwenye mkokoteni. Lakini mimi nilitoa kilichokuwa kinanilisha, na hakirudi. Leo uhai wa gari ulikuwa mkononi mwangu mlima mzima."

Bi. Sikudhani akawatazama mmoja mmoja. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa inamchoma. Sheria ya mashindano inajulikana: gari moja, dereva mmoja, hakuna kupokezana usukani. Akimpa Kilua, utingo anakuwa dereva uzeeni. Akimpa Hoza, kijana ana miaka mingi ya kulikuza gari. Akimpa Mwanahawa, nani atakaa kushoto avute waya? Na kumbukeni, alichoahidi hakikuwa shukrani, hizo zingegawanyika. Aliahidi usukani.

Injini ilikuwa bado ya moto. Akaweka ufunguo juu ya boneti, akarudi nyuma hatua moja, akawageukia watu wa soko.

Na mimi nawageukia ninyi mlionisikiliza mpaka hapa. Atakayeniambia wote watatu, huyo hakunisikiliza. Je, ufunguo ule, nani alistahili kuuchukua?