Mbuzi Mstarini

Fainali ya kugombea mbuzi ilikuwa inaisha bila bila. Mshambuliaji wa Mapambano akafumua shuti, na mbuzi mwenyewe wa zawadi, aliyekuwa amefunguka, akauzuia mpira kwa tumbo pale pale kwenye mstari wa goli la Chui.

Sokolo, tajiri mwenye timu ya Chui na ndiye aliyemtoa mbuzi, akavamia uwanja. "Ukisema goli, hupulizi tena filimbi kijijini hapa!"

"Si goli, mzee wangu," refa Nyamizi akajibu kwa upole. "Ila kama mbuzi ni wako, Chui mmecheza kumi na wawili. Hiyo ni penalti."

"Si wangu! Jamani mnasikia? Simjui kabisa!"

"Basi ni sare, hakuna mshindi. Na huyu maskini hana mwenyewe."

Nyamizi akamswaga mbuzi hadi kwake. Mfukoni kilikuwa kinamchoma kigingi cha kumfungia mbuzi alichoking'oa wakati wa mapumziko.