Aliyeiba Gauni la Harusi

Wapendwa, kabla hamjaanza kutazama saa, naomba niwape kisa kimoja. Nimekitunga mwenyewe, kwa hiyo mtu asitoke hapa akaenda kulitafuta duka wala kumtafuta binti. Mkimjua mtu anayefanana nao, hilo ni lenu na dhamiri zenu.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la kukodisha magauni ya harusi. Tumwite Mama Skola. Duka lake lilikuwa kando ya soko, na kila Ijumaa alilipiga pasi gauni la kesho yake, akalitundika mlangoni ili wapitao walione. Wasichana wa sokoni walikuwa wakipita pale taratibu sana. Mnaujua mwendo ule.

Na kulikuwa na binti wa miaka kumi na tano, tumwite Nyamizi. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na dada yake, Kalunde. Basi dada akapata mchumba, kijana mwema, asiye na kitu kama wao. Siku moja Nyamizi alimsikia Kalunde akimwambia yule mchumba uani, "Mimi nitafunga ndoa na sketi yangu ya kwaya. Haina shida. Mungu haangalii nguo." Halafu akaingia ndani, akajifunika kanga usoni, akalia. Mnakijua kilio cha mtu aliyetoka kusema haina shida?

Ijumaa iliyofuata, mchana, Mama Skola aliingia stoo kutafuta pini. Nyamizi alikuwa akipita. Akasimama. Akalivuta gauni pale mlangoni, akalikumbatia, akakimbia.

Sasa hebu fikirini. Mwizi wa simu anaitia mfukoni, basi. Mwizi wa gauni la harusi atalitia wapi? Jeupe, lina shanga, lina mkia wa kufagia kanisa zima, na jua liko utosini! Soko lote liliona wingu linakimbia. Akapita kwenye nyanya, akapita kwenye dagaa, akaukanyaga mkia, akaanguka mtaroni, yeye na gauni.

Mnacheka. Na wao walicheka, lakini kidogo tu. Maana mtu alipopiga kelele "Mwizi!", kicheko kikaisha. Mikono ikaanza kuokota mawe. Wenye mawe walikuwa watu wa kawaida, wapendwa, watu wenye watoto, watu ambao Jumapili wangekuwa kanisani. Aliyemwokoa ni askari wa kike aliyekuwa akinunua mchicha, hata sare hakuvaa. Alisimama imara ukingoni mwa mtaro, mchicha mkononi, akasema, "Anayetaka kumpiga aanze na mimi."

Hakuna aliyeanza.

Kesi ikafika kwa hakimu anayesikiliza mashauri ya watoto. Hakimu huyu alikuwa mwanamke wa makamo, na siku hiyo hakuvaa joho wala hakukaa juu. Aliwaketisha wote kuzunguka meza moja, katika chumba kidogo, mlango umefungwa: Nyamizi na dada yake, Mama Skola, askari, na afisa ustawi wa jamii ambaye alikuwa amekwenda hadi nyumbani kwa binti akaona wanavyoishi.

Hakimu akamgeukia Mama Skola. "Mama, wewe ndiye uliyeibiwa. Unataka nini?"

"Nataka afungwe, Mheshimiwa. Akitoka huko atakuwa na adabu."

"Akitoka huko atakuwa na nini?"

"Adabu."

Hakimu akavua miwani. "Mama, wapo niliowapeleka huko, na wapo waliorudi hapa mbele yangu. Wamejifunza mengi. Adabu bado naitafuta."

Mama Skola akakunja mikono kifuani, kama mtu ambaye hajakubali.

Kisha akaitwa shahidi, naye ni yule bibi harusi ambaye gauni lake lilitumbukia mtaroni. Wote walijua huyu ndiye atakayemmaliza Nyamizi. Akakaa, akamtazama yule binti, akasema, "Wewe. Unajua ulichokifanya? Nililia Ijumaa nzima. Mama yangu alipandisha presha, tukamlaza sebuleni, wageni wanafika wanamruka. Siku niliyoisubiri tangu nina akili, niliamka sina cha kuvaa. Ulilijua hilo?"

Nyamizi hakuwa amemtazama mtu usoni tangu siku ile ya mtaroni. Sasa akainua kichwa. Alikuwa ameiba gauni, basi. Hakujua kwamba ndani ya gauni kulikuwa na mtu. Akaanza kulia, na safari hii hakuwa akijililia mwenyewe. Akasema, "Dada, nisamehe. Nilimfikiria dada yangu tu. Wewe sikukufikiria kabisa."

Bibi harusi akavuta pumzi.

"Basi nikwambie na lililobaki," akasema. "Nilifunga ndoa na kitenge cha shangazi. Na Mheshimiwa, nimeapa kusema kweli, na nitaisema. Gauni lile lilikuwa limenibana hapa mbavuni, nilikuwa siwezi hata kumeza mate. Kwenye kitenge nilicheza mpaka bwana harusi akaenda kupumzika akaniacha uwanjani."

Askari akawa wa kwanza kucheka. Akafuata afisa ustawi. Hakimu alijaribu kujizuia, akashindwa, akaomba maji. Hata Kalunde, aliyekuja pale na macho mekundu, akajikuta anacheka huku anajifuta machozi. Ni mmoja tu ambaye hakucheka. Ni Mama Skola, kwa sababu ndiye aliyelipima gauni lile akasema linamkaa sawasawa.

Hakimu akatoa uamuzi. Nyamizi hatapelekwa kokote. Atakaa nyumbani kwa dada yake chini ya uangalizi wa afisa ustawi, ataendelea na shule, na kila Jumamosi atakwenda kufanya kazi kwa yule aliyemkosea, kufua na kurekebisha, kuanzia na gauni aliloliharibu mwenyewe. "Kama wewe, mama, utakubali."

"Dukani kwangu?" Mama Skola akauliza. "Huyu huyu?"

"Huyu huyu."

"Mheshimiwa, unanitania."

"Mama, ungependa aendelee kupita nje ya duka lako akiwa adui, au awe ndani unamwona?"

Mama Skola alifikiri sana. Mwishoni akasema, "Haya. Lakini nitamkalia macho."

Na kweli alimkalia. Jumamosi ya kwanza alishinda na mkoba wake kifuani kama mtoto mchanga. Nyamizi akafua lile gauni, akalisuuza, akalifua tena mpaka maji yakatoka meupe. Akaanza kushona pindo lililochanika. Mama Skola akalitazama. "Fumua." Akafumua. Akashona upya. "Fumua." Wiki zikapita hivyo. Binti alikuwa anaota neno fumua. Lakini hakuacha kuja, hata siku ya mvua ambayo Mama Skola mwenyewe alichelewa, akamkuta amejikunyata kibarazani, ameloa, anasubiri mlango ufunguliwe. Mama akafungua mlango, akamwingiza ndani. Alimpa chai. Ile chai ilikuwa na tangawizi nyingi, na wanaomjua Mama Skola wanasema tangawizi hampi mtu asiyempenda.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya Desemba. Mnaijua Desemba kwa harusi. Bibi harusi mmoja yuko mbele ya kioo, gari linapiga honi nje, mchungaji ameshafika kanisani, mara zipu ikakatika. Krrr! Mgongo wote wazi. Mama Skola akashika kichwa. Bibi harusi akaanza kupiga mayowe. Nyamizi akachukua sindano, akasema, "Dada, vuta pumzi, usigeuke," akamshonea mle mle ndani ya gauni, kuanzia kiunoni mpaka shingoni, mishono midogo kama ya mashine, huku anamwimbia pambio ili asitikisike. Bibi harusi akaondoka, amependeza, shanga zinameta, na hakuna mgeni aliyejua.

Jioni simu ya Mama Skola ikaita. Sauti ya mwanamume, ya upole, yenye wasiwasi. "Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Ni bwana harusi hapa. Tunaomba kuuliza… anatokaje?"

Wapendwa, Mama Skola alikaa chini sakafuni. Alicheka mpaka kilemba kikaanguka, mpaka Nyamizi akaichukua simu mwenyewe akasema, "Shemeji, tafuta mkasi mdogo, anza juu." Halafu naye akaanguka pale sakafuni. Wakacheka pamoja, aliyeiba na aliyeibiwa, mpaka hawakukumbuka nani alikuwa nani. Nawauliza: gereza gani lingeweza kuzaa kicheko kile?

Muda wa uangalizi ukaisha. Hakimu akafunga shauri, akampa Nyamizi mkono, akamwambia, "Sasa nenda, na nisikuone tena isipokuwa harusini." Binti akaendelea kwenda dukani Jumamosi, safari hii kwa kupenda, na kwa ujira.

Ningeweza kuishia hapo, mkasema amina, tukaenda kula. Lakini kisa hakikuishia hapo. Kilipata shida mahali ambapo hamtegemei.

Siku ya harusi ya Kalunde ilipokaribia, Kalunde alimtaka mdogo wake awe mpambe wake, atembee mbele yake mpaka madhabahuni. Majina yakapelekwa kanisani. Na baraza la wazee wa kanisa likakaa, likakataa.

Si polisi waliokataa. Si mahakama. Kanisa.

Mzee mmoja, mtu mwema, mtu wa sala, akasema, "Jamani, tuwe na kiasi. Binti tunampenda. Lakini aliiba gauni la harusi, leo atembee harusini, mbele ya wageni? Tutawafundisha nini vijana wetu? Na akae tu nyuma, kimya kimya." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nyamizi alipoambiwa hakulia. Alimwambia dada yake, "Haina shida. Nitakaa nyuma."

Haina shida! Mnakumbuka maana yake katika nyumba ile.

Habari zikamfikia Mama Skola, ambaye hata wa kanisa lile hakuwa. Kikao kilichofuata, mlango ukafunguliwa, akaingia na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mama. Karibu. Una shida gani?"

"Nina swali moja tu, kisha niwaache na kikao chenu. Siku ile gauni linaibiwa, nani kati yenu aliibiwa?"

Wazee wakatazamana.

"Nauliza kwa sababu gauni lilikuwa langu, na mimi nimesamehe. Bibi harusi aliyelia Ijumaa nzima, naye amesamehe. Serikali imesema yamekwisha, na serikali haina haraka ya kusema hivyo. Sasa nyinyi, wazee wangu, mliibiwa nini? Na hii kesi mpya mmeifungua katika mahakama gani?"

Yule mzee mwema akainamia meza. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na wenzake wakadhani analia. Akainua uso, alikuwa anacheka na analia vyote viwili. "Mama," akasema, "tumeshindwa kesi. Andikeni jina la binti. Liandikeni la kwanza."

Na Jumamosi ile, Kalunde alipoingia kanisani, mbele yake alitembea Nyamizi, kichwa juu, na vigelegele vilivyopigwa siku hiyo viliwafanya wenye maduka sokoni watoke nje kutazama. Askari alikuwepo. Hakimu alikuwepo, kavaa kitenge. Na yule mzee ndiye aliyecheza kuliko wote, mpaka mkewe akamvuta koti.

Haya. Sasa tuje kwetu.

Sisi tunapenda kuilaumu serikali. Tunasema magereza yanaharibu watoto, mahakama hazina huruma, polisi hivi, polisi vile. Na pengine ni kweli. Lakini nawauliza nyinyi mlioketi hapa: akitokea hakimu mwenye huruma, akamfungulia mtoto mlango, mtoto akatoka, anatoka kwenda wapi? Si kwetu? Na sisi tunampokea kwa jina gani? "Yule aliyeiba." "Yule wa kesi." Hakimu anatoa kifungo chenye mwisho. Sisi tunatoa kisicho na mwisho, tena bila kumsikiliza mtu, na baada ya hapo tunasimama kuimba kwamba dhambi zetu zimefutwa. Zetu!

Nami nawaambia sababu ya kuleta kisa hiki leo. Yuko kijana wa mtaa huu amemaliza muda wake kule shule ya maadilisho. Simtaji; wengi mnamjua. Ameniuliza jambo moja tu: kama anaweza kurudi kwaya. Nimemwambia nitawauliza wanakwaya. Halafu nikafikiri, niwaulize ili iweje? Sauti ya nne mmebaki wachache, kila Jumapili nawasikia mkihangaika. Bwana anawaletea besi, nanyi mnataka kumkagua?

Yuko nje pale, mlangoni, na mama yake. Wamesimama tangu ibada ianze kwa sababu hawakuwa na hakika.

Mwenyekiti wa kwaya, benchi lenu limejaa? Naona limejaa. Basi sogeeni. Mzee, na wewe, sogea kidogo. Tena. Inua hiyo mikoba, mikoba haiimbi. Sogeeni… hapo. Hapo panatosha.

Fungueni mlango.