Jua la Lugembe

"Ukitaka kuliona jua, lipe kisogo."

Shangazi Kabula alisema hivyo bila kuinua macho kwenye ungo wa karanga. Kwandu alikuwa akilalamika kwamba kaka yake amerudi kutoka mjini, hasemi wala hacheki, na kila anapomkazia macho na kumuuliza ana nini, anainuka na kwenda zake.

"Sasa jua limeingiaje hapa, shangazi?" akauliza. Wenzake waliokuwa wakimenya naye wakacheka.

"Menyeni karanga, niwaambie. Msemo huu ulizaliwa kijijini hapa hapa, uani kwa Lugembe, fundi wa redio."

Lugembe alikuwa na jicho moja tu zima. La pili lilichukuliwa na surua utotoni. Lakini hilo lililobaki lilikuwa na njaa ya macho ya kijiji kizima. Alinunua darubini kuukuu mnadani, akaisafisha vioo, akautazama mwezi mpaka akaujua kama ua wa nyumba yake. Kisha akasikia redioni kwamba jua lina madoa. Usingizi ukamwisha. Jua lililomchoma mgongo maisha yake yote lina madoa, naye hajayaona?

Akapaka kipande cha kioo masizi ya kibatari, akakifunga kwenye tundu la kuchungulia, akaielekeza darubini juani. Ndiyo kwanza anainama, mkewe Mbuke akatokea jikoni.

"Baba Limbu! Unalo jicho moja, na hilo nalo unakwenda kuligawa?"

"Nimeweka masizi, mama Limbu. Nachungulia kidogo tu."

Hajamaliza kusema, kioo kikalia ta! Kikapasuka kwa joto. Mwanga uliopenya ukatua kwenye ukingo wa kofia yake, pakafuka moshi. Lugembe akakaa chini, akalifunika jicho lake kwa kiganja kama mtu anayefunika kifaranga.

"Kesho naiuza," akasema. Sauti yake ilimwumiza hata Mbuke.

Kulipokucha alisimama uani akiutazama ukuta wa nyumba uliopakwa chokaa, hana hamu hata ya uji. Akasikia hodi nyuma yake. Ilikuwa sauti ya Nyanzobe, mama mkwe wake. Nanyi mnajua, kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Lugembe hakugeuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Mbona leo unatembelea fimbo, mama?"

Nyanzobe akashangaa. "Umeionaje, nawe umenipa kisogo?"

"Kivuli chako kiko ukutani, ma..."

Neno likakatikia hapo. Lugembe akakimbilia ndani, akatoka na darubini na shuka jeupe. Akaiegemeza darubini juu ya kigoda, mdomo wake ukielekea juani. Safari hii hakuchungulia. Alilipa jua mgongo, akalitandaza shuka mbele ya lile tundu, akalisogeza nyuma taratibu. Duara la mwanga likatua juu yake, kubwa kama sahani. Ndani yake mlikuwa na madoa: mawili kama mbegu za papai, mengine madogo kama punje za ulezi.

"Shuka chafu hilo," Mbuke akasema.

Lugembe akalivuta shuka kushoto, akalivuta kulia. Madoa hayakufuata shuka. Yalibaki ndani ya duara. Yalikuwa ya jua lenyewe. Jicho lake likajaa machozi, na hayakuwa ya kuungua.

Nyanzobe akajikongoja hadi kando yake, naye akaligeuzia jua mgongo. Wakasimama hivyo, mtu na mkwewe, wote wakitazama shuka. Bibi akaangua kicheko.

"Kumbe jua nalo ni mkwe! Ukitaka kuliona, lipe kisogo."

Shangazi alipofika hapo alikung'uta maganda kwenye kanga yake. Kwandu akainuka. Kisha akachukua ungo wake, akaenda nyuma ya nyumba alikokuwa kaka yake. Hakumtazama. Akaketi akimpa mgongo, akaendelea kumenya.

Karanga zilikuwa karibu kwisha aliposikia mkono ukichota zilizobaki.

"Kwandu," kaka yake akasema polepole, "unajua kule mjini..."

Kwandu hakugeuka. Ukitaka kuliona jua, lipe kisogo.