Kuchakulo na Mswada wa Shibe

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi zile tembo alipovaa kanzu na kumwita mkewe "mama watoto", wanyama walikuwa na Bunge lao. Spika alikuwa Mama Twiga, kwani kwa shingo ile hakuna mbunge aliyesinzia asionekane. Tena walikuwa na ghala moja la mtama, mali ya wote, la kuwavusha kiangazi.

Na mswada haukupita mpaka Kuchakulo aseme utakula mtama kiasi gani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, Kuchakulo yule mdogo, mkia manyoya, anayeruka matawini pruu! pruu! Alikaa juu ya mkuyu na mkewe na vitoto vyao.

Siku moja Mheshimiwa Tembo akasimama, akakohoa, khooo! Vumbi likatimka.

"Mheshimiwa Spika, naleta Mswada wa Shibe! Kila mnyama aende ghalani kila siku, ale mpaka ashibe. Mkubwa kwa mdogo, sote sawa!"

Makofi! Pa, pa, pa! Panya akatokwa na machozi ya furaha. Nani asiyetaka kushiba?

Kuchakulo peke yake hakupiga makofi. Alilitazama tumbo la Tembo, akalitazama la Kiboko na la Kifaru, halafu akalitazama ghala. Matumbo yale yangefagia mtama wote kabla mwezi haujaandama, na kiangazi ndiyo kwanza kimeanza!

"Tupumzike," akasema Mama Twiga. "Tukirudi, Kuchakulo atatupa makadirio."

Kuchakulo hajafika nyumbani vizuri, mara ardhi inatetemeka, di! di! di! Tembo huyo. Akauzungushia mkuyu mkonga wake.

"Mwanangu Kuchakulo," akasema polepole, "utawaambia mswada wangu gharama yake ni ndogo. Sivyo?"

"Lakini mzee, nikipiga hesabu..."

Tembo akautikisa mti, chaka-chaka-chaka! Vitoto vikalia, chwi! chwi!

"Hesabu gani?"

"Ndogo, mzee! Ndogo kabisa! Na shikamoo, mzee!"

"Marahaba," akasema Tembo, akaenda zake.

Mke wa Kuchakulo akamgeukia mumewe. "Baba watoto, utasema uongo? Kiangazi hiki tutakula nini?"

"Nikisema kweli, hatuna nyumba. Nikisema uongo, hatuna chakula." Kuchakulo akakaa anautafuna mkia wake. Ghafla akaanza kucheka, kwi-kwi-kwi!

"Mume wangu, umerukwa na akili?"

"Makadirio siyasemi mimi, mke wangu. Watayasema wenyewe!"

Bunge likarudi. Kuchakulo akapanda juu ya meza.

"Mheshimiwa Spika, gharama ya mswada huu ni ndogo kabisa!"

Tembo akapepea masikio kwa raha.

"Ila huko nje wapo wenye midomo yao. Wanasema Mheshimiwa Tembo ni mlafi."

"Nani huyo?" Tembo akanguruma.

"Nami nimewakatalia! Basi, mzee, ili tuwafunge midomo, hebu liambie Bunge. Wewe unashiba kwa kiasi gani?"

Jasho likamtiririka Tembo mkongani. Akitaja magunia, mswada umekufa!

"Mimi? Aah... kibaba kimoja. Tena nasaza."

"Iandikwe!" akapaza sauti Kuchakulo.

Kiboko hakutaka aonekane mlafi kumshinda Tembo. "Mimi nusu kibaba. Tumbo hili mnaloliona ni maji tu."

Kifaru, ambaye akili yake huchelewa kufika, akadhani ni mashindano. Akaruka juu, puh!

"Mimi nikinusa tu, nimeshiba!"

"Iandikwe! Iandikwe! Na wengine tutaje vyetu. Kila mmoja apewe shibe yake kama alivyoitaja, na iwe ndiyo sheria!"

Wadogo wote wakataja. Tembo akafumbua mdomo apinge, lakini angepinga vipi mswada wake mwenyewe?

"Wanaokubali?" akauliza Mama Twiga.

"Ndiyooo!"

Asubuhi Tembo akaja ghalani na tenga kubwa kama kibanda. Kuchakulo akapima kibaba kimoja, akakisawazisha kwa kiganja, akammiminia mkongani.

"Karibu, mzee."

Tembo akameza, glup. Mtama ukapotelea njiani kabla ya kufika tumboni.

"Ongeza!"

"Niongeze? Kwani hujashiba?" Kuchakulo akapaza sauti. "Mama Twiga! Anayelidanganya Bunge adhabu yake nini vile?"

Kichwa cha Mama Twiga kikachomoza juu ya paa. "Anapoteza kiti chake."

"Nani kasema sijashiba?" Tembo akaruka. "Nimeshiba! Nimevimbiwa!"

Tumbo lake likanguruma, nguruuuu!

"Nini hiyo?" akauliza Mama Twiga.

"Mvua hiyo," akasema Tembo, na mbingu nyeupe pee.

Kiboko alichukua nusu kibaba chake akaondoka bila kuaga. Kifaru akakaribishwa kunusa. Akavuta, fffff! Punje zikamwingia puani. Chyaaa! Akapiga chafya mpaka akaketi chini.

"Huyo keshashiba," akasema Kuchakulo. "Mwingine!"

Basi wale wakubwa wakaenda porini kujitafutia majani kwa miguu yao, na mtama ukatosha mpaka mvua ya kweli iliponyesha.

Kwa hiyo, watoto wangu, anayetaka sheria ya kula cha wote aseme kwanza ukweli wa tumbo lake.