Kitendawili cha Jikoni kwa Bi Mkasi

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo pakawa ya wenye njaa. Paukwa!

— PAKAWA!

Hapo sawa. Wewe unayekuna nazi, endelea. Hadithi haizuii mkono.

Hapo kale, babu zetu hawajaota meno, palikuwa na Jumbe mmoja, Mwinyikondo, aliyependa vitendawili kuliko wali. Nanyi ada yetu mnaijua. Ukitegewa ukashindwa, mwenzako anakwambia, "Nipe mji." Unampa mji wa mdomoni tu, akiukataa unampa mwingine, mnacheka, anakupa jibu. Lakini Jumbe huyu, loo! Akipewa mji aliuchukua kweli. Watu wa Vitongoni walishindwa, akachukua Vitongoni. Watu wa Mzambarauni walishindwa, akachukua Mzambarauni. Unaamka asubuhi, shamba lako lake, kisima chako chake, na wewe mwenyewe unambebea maji.

Sasa huko Mtopeni palikuwa na msusi wa mikeka, Mwanamvua. Mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Siku moja harusini, mbele ya watu wa Jumbe, akajisifu: "Mtopeni vitendawili tunavyo vya kumwaga! Jumbe wenu hawezi kutushinda!"

Maneno yana miguu. Jumbe akaleta jibu: "Aje siku ya saba, atege vitatu. Nikivitegua vyote, Mtopeni ni yangu. Nikishindwa hata kimoja, nampa mji."

Mdomo uliponza kichwa, jamani. Huu uliponza mji mzima. Mwanamvua alilia, akajuta, akajiita mjinga mara tatu. Kisha akafuta machozi, akachukua uzi wa ukindu, akatoka kukusanya vitendawili. Kila akipata kimoja, anafunga fundo.

Siku ya kwanza akaenda barazani kwa wanaume. "Baba zangu, nisaidieni." Wakampa nyumba isiyo na mlango, ndilo yai. Fundo.

Siku ya pili akaenda mashambani. "Ndugu zangu, nisaidieni." Wakampa kuku aliyetagia miibani, ndilo nanasi. Fundo.

Siku ya tatu akaenda kisimani kwa shoga yake Zamda. "Shoga, nisaidie."

Zamda akatazama mafundo, akatua ndoo. "Mwanamvua, hivi vyote Jumbe anavyo. Watu wake walipita hapa masika, wakakaa barazani wiki nzima, wakaokota kila kitu. Unadhani vile vilivyowashinda wa Vitongoni alivitoa wapi?"

Maskini Mwanamvua! Akaenda kwa shangazi, akaenda kwa wavuna chumvi, akaenda mpaka kwa mkunga. Ni vile vile. Siku ya sita alasiri akarudi nyumbani, mafundo arubaini mkononi, hakuna hata moja la maana. Akainjika mchuzi huku machozi yanadondoka.

Pale jikoni alikuwapo mavyaa wake, mama wa mumewe, Bi Mkasi. Mnamjua mavyaa wa aina ile? Maneno machache, yote makali.

"Usinililie kwenye chungu," akasema. "Onja chumvi kwanza, kisha ulie."

Mwanamvua akateka mchuzi kwa upawa, akadondosha kiganjani, akalamba. Bi Mkasi akacheka peke yake.

"Mama, unanicheka?"

"Nimemkumbuka bibi yangu. Tukionja hivyo alikuwa akitutegea: Sahani yangu sinunui, siazimi, na naiosha kwa ulimi."

Upawa ukamponyoka Mwanamvua. "Mama! Siku sita nazunguka, mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza? Umeuliza mji mzima, jikoni mwako hukuuliza."

"Na wale watu wa Jumbe?"

"Waliuliza barazani. Huku kwenye moshi hakuingia mtu."

Siku ya saba, asubuhi, uwanja wa Jumbe ukafurika. Wanaume mbele, wanawake nyuma, kama kawaida yao. Mwanamvua kasimamishwa mbele ya Jumbe. Bi Mkasi kasimama nyuma yake, anamfinya kiuno aanze.

"Kitendawili!"

"Tega!" akasema Jumbe.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai! Ndicho hicho tu?" Wanaume wakapiga makofi.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kuku wangu katagia miibani."

"Nanasi! Mtopeni hiyo naiona inakuja!" Jumbe akajinyoosha kitini.

"Kitendawili!"

"Tega, tumalize!"

"Sahani yangu sinunui, siazimi, na naiosha kwa ulimi."

Jumbe akakuna kichwa. Kisha huko nyuma kikaanza kicheko. Mmoja kajiziba mdomo kwa leso. Wa pili kamwinamia jirani yake. Wa tatu, mpishi wa Jumbe mwenyewe, kacheka mpaka kakaa chini.

"Bakuli la paka!" akasema Jumbe.

"Siyo."

"Jani la mgomba!"

"Siyo."

Akawageukia washauri wake. Washauri wakatazama ndevu zao. "Kifuu! Kifuu cha nazi!"

"Siyo, Jumbe wangu. Nipe mji."

Jasho likamtoka. "Chukua Kibandani."

"Kibandani pana siafu, sitaki."

"Basi chukua... Vitongoni."

"Vitongoni nimeupokea, nimewarudishia wenyewe." Watu wa Vitongoni wakaruka! Mwanamvua akaendelea kwa ada: "Nilikwenda Vitongoni, nikapokewa, nikaingia jikoni, nikapewa mchuzi nionje." Akainua kiganja, akakilamba.

Jumbe akatazama kiganja chake mwenyewe. Umri wote ule kilikuwa hakijapata kuonja chungu.

Hajapumua, mpishi wake akainuka. "Kitendawili!" Zamda naye, "Kitendawili!" Bi Mkasi naye, "Kitendawili!" Uwanja mzima wa wanawake, kila mmoja na cha jikoni kwake, kisichopata kufika barazani.

"Basi! Basi, mama zangu!" akalia Jumbe. "Mzambarauni wenu! Kila mtu na mji wake! Nibakizieni huu ninaolala!"

Ah, raha iliyoje! Mwanamvua akakaa chini palepale, akacheka na kulia kwa pamoja, jiwe la siku saba limemwondoka kifuani. Ule uzi wa mafundo akaufungia mzigo wa kuni njiani.

Jioni akapika. Mchuzi ulipochemka hakuonja yeye. Alishika mkono wa mavyaa wake, akamdondoshea kiganjani.

"Onja, mama."

Bi Mkasi akalamba, akalamba tena. "Imekolea," akasema. "Sasa kaa hapa nikwambie kingine."

Hapo ndipo nilipowaacha, wao na moshi wao. Hadithi nimeipakua, iliyo tamu ilambeni, iliyopungua chumvi kaulizeni majikoni kwenu.